Mwalimu Niliyemnyamazisha Chisenga

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uinjilisti, mchungaji wa wilaya pale Nchelenge alinikabidhi daftari la waumini na onyo moja: "Usimruhusu mtu kufundisha bila barua. Huku ziwani kila mtu anajiita mhubiri."

Alimaanisha barua ya uhamisho. Mkristo anapohama, kanisa lake la zamani huandika kwamba amebatizwa na mwenendo wake ni mwema. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia vituo vya sala, yaani makundi madogo yasiyo na mchungaji. Nilianza upande wa Mofwe. Mchungaji aliyefuata alinihamishia kambi za wavuvi za kisiwa cha Chisenga, kwa kuwa wengi huko walitoka Kongo nami nilijua Kiswahili cha sokoni.

Jumapili ya kwanza kisiwani sikupata mtu kanisani. Akina mama walikuwa ufuoni wakianika chisense, samaki wadogo wasioweza kuachwa peke yao, maana ndege huwala na mvua huwaozesha. Nikawafuata. Katikati yao alisimama Mama Feza, mkimbizi kutoka Kongo. Alitamka mstari wa Injili, wenzake wakaurudia huku wakigeuza samaki, kisha akatamka mwingine.

"Baba, vua viatu, utatukanyangia samaki!" mmoja alinipigia kelele. Wakacheka.

"Musimucheke mutumishi," Mama Feza aliwaambia.

Nikamwomba barua.

"Kanisa yetu iliungua, baba. Pasta alikimbia mbele yangu. Nani ataniandikia?"

"Basi nitaandikia makao makuu. Usifundishe mpaka yajibu."

"Na hawa bamama?"

"Nitakuja mimi."

"Ndiyo, baba."

Nilikwenda mara moja kwa mwezi, nilipopata mtumbwi. Miezi ya marufuku ya uvuvi sikwenda kabisa. Makao makuu hayakujibu, nami sikuuliza tena. Nakiri kwamba kuwa mwalimu pekee kulinipendeza.

Macho yaliponilazimisha kustaafu, nilivuka kwenda Chisenga kama mgeni. Akina mama walikuwa wakianika na kubishana bei. Niliwauliza kama bado husoma mistari, mmoja akaniuliza mistari gani. Ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii, jueni kwamba Bwana alituagiza sote kuipeleka Injili. Mimi niliichukua kama cheo changu, na mahali nisipofika haikufika.

Mama Feza nilimkuta akikusanya samaki wake.

"Nilikukosea, mama. Anza tena kufundisha."

"Wale wa wakati ule walihama, baba. Hawa banajua miye ni muuza samaki tu."

"Basi tuombee sisi wawili, hapa."

Alijifuta mikono, akainamisha kichwa. Nikafumba macho nikingoja sauti yake.

"Omba, baba mwinjilisti," alisema hatimaye. "Miye nitasema amina."