Madigadi ya Pikipiki ya Mjomba

Mjomba wangu anachimba dhahabu Geita. Alipopata, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akanunua pikipiki ya mbio, yenye injini ya cc mia sita, nyekundu, imeinama mbele kama jogoo anayetaka kupigana. Akaja nayo kwetu Kishapu wakati wa kiangazi, akaiacha chumbani kwangu, akarudi shimoni kwa basi.

Kisha, mvua zikiwa karibu, akapiga simu. "Mjomba, huku kuna fundi wa mapikipiki makubwa, anatafuta kijana wa kumfundisha. Nimemwambia unakuja nayo. Jumamosi akuone, isipite hapo."

Nilikuwa nampeleka mbuzi malishoni. Nilifurahi mpaka kamba ikanitoka mkononi.

Historia ya kiwanda kilichounda pikipiki ile nilishaisoma kwenye simu. Mwanzilishi alikuwa seremala huko Japani, akamtengenezea mama yake mtambo wa kufuma nguo. Pikipiki zilikuja miaka mingi baadaye. Mimi mtoto wa wakulima wa pamba, hiyo habari iliniingia moyoni, nikamsimulia mama mpaka akachoka.

Alhamisi mvua ikanyesha. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa unanata kama ugali mbichi. Ijumaa nikaanza safari, sikufika hata mita mia: tope lilijaa kati ya tairi na madigadi ya mbele, ile ya kukinga matope, gurudumu likagoma kuzunguka.

Jirani yetu mwenye ng'ombe wa kulimia akasimama kunitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Toa hiyo madigadi. Huku masika kila mtu anaitoa. Bolti nne tu hizo."

"Hii si ya kubebea magunia, baba. Kila kitu kimepimwa kiwandani."

"Basi kiwanda kije kikusukume."

Nikachokonoa tope kwa kijiti. Hatua kumi, limejaa tena. Jumamosi ikawa vilevile. Lami naiona, malori yanapita kwenda Shinyanga, mimi nimeinama na kijiti. Ilipofika saa kumi jioni, jirani akaivuta kwa ng'ombe wake wawili mpaka nyumbani. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Mama alikuwa mlangoni. "Huyo Mjapani wako," akasema, "alipoona mtambo wa zamani unamtesa mama yake, aliuacha vilevile kwa heshima?"

Nikachota maji, nikaiosha pikipiki.

Jumapili nikafungua zile bolti nne. Jumatatu nikafika lami, nimejaa tope mpaka masikioni, nikampigia mjomba nikiwa bado nahema.

"Fundi keshachukua mwingine," akasema. "Tulia hukohuko kwanza, mjomba. Pikipiki itunze."

Nikageuza. Njia ileile, na gurudumu likazunguka vizuri mpaka nyumbani.

Siku hizi kila asubuhi naisogeza mlangoni, naiwasha, betri isife. Mama anakohoa moshi na kunisema. Madigadi nimeitundika ukutani. Zile bolti nne natembea nazo mfukoni, hata nikienda kupalilia pamba.