Mbuzi Mmoja kwa Simu ya Kukunja

Jumapili ile tulikuwa watano uani kwetu. Alikuwepo bibi mzaa baba, kwenye kiti cha plastiki kisichokaliwa na mtu mwingine, amepakwa mafuta usoni mara mbili kwa sababu alisema ya kwanza yameishia kwenye makunyanzi. Alikuwepo mama jirani, aliyezaa saba na kuwapokea watoto wa nusu ya kijiji, kilemba chake cha kanisani hajakivua. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, wa tatu kwetu, kinyozi wa Karatu mjini na kwa hiyo mjuzi wa mambo yote. Alikuwepo kitindamimba wetu, msichana wa darasa la tano, amesimama mbele ya wote kwa haki yake, na haki hiyo nitaieleza. Na mimi, mkubwa wao, nimeshika simu nyekundu ya kukunja huku jasho linanitoka.

Wa sita hakuwepo, na ndiye aliyetukusanya. Dada yetu, anayenifuata mimi, ameolewa Endulen kwa wafugaji, upande wa pili wa kreta ya hifadhi ya wanyama. Siku tisa kabla ya hapo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike.

Kwetu binti akijifungua mara ya kwanza, mama yake humfuata. Hubeba unga wa uji na samli, hulala naye chumba kimoja, humkanda kwa maji ya moto, na humuuliza yale maswali ambayo mtu mwingine hawezi kuyauliza. Mama yetu alifariki nikiwa kidato cha pili, mwaka mmoja baada ya baba. Nilirudi nyumbani na sanduku langu la shule, kesho yake nikafungulia ng'ombe, na tangu hapo kila jambo la mama katika nyumba hii limekuwa langu. Mengi nimeyaweza. Kusuka nywele za kitindamimba nilijifunza kwa wiki mbili. Lakini hili la uzazi lilinishinda kwa kulifikiria tu. Hata ningefika Endulen, ningekalishwa nje na wanaume wenzangu, nikaletewa chai ya maziwa, na dada yangu ndani angebaki na wakwe zake. Bibi miguu haimfikishi hata barabarani. Na mama jirani ana kuku, wajukuu na mume mgonjwa.

Shemeji yangu ndiye aliyenipa wazo. Yeye ana simu kubwa ya kupangusa. Alituma ujumbe kwenye kisimu cha kitochi cha mdogo wangu, kile kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, kwamba tukipata simu yenye picha, Jumapili saa nane mchana angetupigia video tumwone mtoto na mama yake. Mtandao kwao unashika pale mlangoni tu, lakini unashika.

Nilifurahi kana kwamba nimezaa mimi. Nilipanga kila kitu kichwani: nitashika simu juu, bibi atabariki, mama jirani atauliza maswali yake ya kike, dada atajibu, na mimi nitatazama pembeni kama mwanamume mwenye adabu. Kilichokosekana ni simu. Yangu ilikuwa imekufa maji shambani tangu masika.

Mbuzi pekee aliyekuwa wa kuuzika alikuwa wa kitindamimba, jike jeupe tumboni, lenye mimba, uzao wa mbuzi alioachiwa na mama. Nilimwita nyuma ya zizi nikamwomba aniazime.

"Utanirudishia?"

"Nitakurudishia."

"Mwenye mimba?"

"Mwenye mimba."

Akafikiri. "Na mtoto akitokea kwenye simu, wa kwanza kumwona ni mimi. Si bibi, si nani."

Nikakubali. Ndiyo haki niliyosema.

Jumamosi nikaenda mnadani Karatu. Mbuzi alipata mnunuzi kabla vumbi halijapanda vizuri, na nikaenda moja kwa moja kwa jamaa aliyetandaza simu juu ya turubai. Sikuziona nyingine. Niliiona hii nyekundu, inang'aa kama gari la watalii lililotoka kuoshwa. Ukiifunua inakuwa ndefu, ukiifunga inasema "pa!" Ilikuwa na kamera. Niliifunua na kuifunga mpaka muuzaji akacheka. Hakunidanganya hata kidogo. Nilimuuliza kama inapiga picha, akasema inapiga. Kichwani mwangu, simu inayopiga picha inaleta picha, basi. Nililipa haraka nisije nikatanguliwa. Iliyobaki nikanunua khanga ya kumbebea mtoto, nikamkabidhi dereva anayepandisha mizigo Endulen, kisha nikaingia kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu, karibu na stendi, anipachikie laini.

Mzee akavaa miwani, akaigeuza ile simu. "Simu imara hii, kijana wangu. Chaji yake utaisahau."

"Kesho napigiwa video, mzee. Dada yangu amejifungua."

"Mashallah! Hongera." Akaifunga taratibu, isilie. "Lakini kwa hii hutamwona."

"Si ina kamera?"

"Ina kamera ya kupiga picha ukuta wako na kuutazama mwenyewe. Hii ni simu ya kuongea."

Akanionyesha na jingine. Alipoweka spika ya nje, ikakoroma kama mafuta ya chipsi. "Weka sikioni tu," akasema. "Sikioni iko safi sana."

Nilirudi mbio uwanja wa mnada. Palikuwa na samadi na makaratasi. Jamaa wa turubai ameondoka, na mbuzi wa kitindamimba alikuwa tayari juu ya lori la watu wa njia ya Arusha.

Na hapa nakiri: sikumwambia mtu. Usiku kucha ile simu ilikuwa chini ya mto wangu kama jino bovu. Nilitumaini nini, sijui. Kama ningesema Jumamosi ileile, tungeweza kuazima simu kwa watu. Nilisema Jumapili, zikiwa zimebaki dakika kumi, bibi amekwisha kupakwa mafuta.

Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kuinyakua. Akaifunua, akaifunga. "Kaka! Wamekuuzia kopo la kiwi!"

"Yaani kilemba hiki nimewavalia kunguru?" akasema mama jirani.

Bibi, ambaye tangu nikiwa mdogo ananiita mume wake, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa mume wangu, nifute mafuta?"

Walicheka mpaka mbwa akaamka. Kitindamimba peke yake hakucheka. Aliangalia zizi, akaniangalia mimi. Ningependa kupigwa fimbo kuliko yale macho.

Hapohapo simu ikalia. Haijawahi kutokea simu kulia vile uani kwetu. Ilipiga wimbo wa ngoma na tarumbeta, ikawasha taa za bluu na nyekundu juu ya mfuniko, ikatetemeka mkononi kama kifaranga. Wote tukasimama, hata bibi. Nikaifunua.

"Shemeji! Video imegoma, nimepiga ya kawaida. Mbona sikuoni?"

"Hutaniona, shemeji. Mpe dada, aweke sikioni."

Pakawa na upepo, na kengele ya ng'ombe, kisha: "Kaka, shikamoo."

Ilikuwa safi kama alivyosema mzee wa duka. Ilikuwa kama dada yangu amekaa ndani ya sikio langu.

"Marahaba, mama mzazi. Hongera!" Nikageuka kwa wengine nikapiga kelele, "Ni yeye!"

Mama jirani akanisogelea. "Muulize anakula nini."

Nikauliza. "Anakunywa maziwa na mafuta ya kondoo," nikatangaza.

"Vizuri. Muulize mtoto kitovu."

"Kitovu kimeanguka jana asubuhi!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani dada aliweza kuvisikia bila simu. Mdogo wangu akarusha kofia. Nikaona kazi hii naiweza.

"Muulize anapata choo."

Nikashusha simu. "Mama, hilo siwezi. Ni dada yangu."

"Basi nani amuulize? Mama yenu?"

Mara akajiziba mdomo. Hakukusudia. Dada kule alikuwa anasema, "Kaka? Kaka, upo?"

Nikawapa wote mgongo, nikatazama mahindi, nikamuuliza. Nikamuuliza na la damu, na la usingizi, na kama anakandwa, yote kama nilivyokuwa naletewa kwa kunong'onezwa nyuma yangu. Masikio yalikuwa yanawaka. Mwanzoni dada alicheka, akasema, "Kaka, nani amekufundisha haya?" Kisha akaacha kucheka, akaanza kujibu moja baada ya jingine, taratibu.

Nilipouliza kuhusu maziwa, akaniuliza yeye kwanza.

"Kaka, wanaonisikia ni wangapi?"

"Ni mimi tu. Simu yenyewe mbovu, haina spika."

"Mume wangu ametoka kufuata ndama." Sauti ikashuka. "Ziwa la kushoto limejaa, gumu kama jiwe, tangu juzi. Mtoto akivuta, nalia. Nimeanza kumnyima upande huo. Mama mkwe sijamwambia, ataona nimetoka kwa watu wasiojua kulea. Wala ninyi nisingewaambia. Nilishajipanga, mkiniona kwenye video nicheke tu."

Nikamwomba ruhusa nimwambie mama jirani peke yake, akasema sawa. Mama jirani hakutania tena. Alinishika bega na kunipa maneno, nami nikayapitisha: kitambaa cha maji ya uvuguvugu kabla ya kunyonyesha. Akande polepole kutoka juu kushuka kwenye chuchu. Mtoto aanze upande huohuo, asiunyimwe, maana maziwa yakikaa ndiyo yanayoleta shida.

"Na mwambie," mama jirani akaanza, lakini bibi alikuwa amekwisha kufika na fimbo yake.

"Nipe na mimi. Au mnangoja nife?"

Bibi hanyimwi kitu. Nikamwekea simu sikioni. Akambariki mjukuu wake kwa Kiiraqw, baraka ndefu, ya mvua, ya maziwa, ya ng'ombe wasiopotea, macho ameyafumba. Alipomaliza akasema, "Haya," akaitoa simu sikioni, akaifunga kwa mikono miwili. Pa!

"Bibi! Umekata!"

"Nimemaliza, nimefunga. Wewe ukitoka nyumbani kwa mtu huachi mlango wazi."

Nikapiga mimi. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Mama jirani akaniambia lile alilokuwa hajamaliza, nami nikaona lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote. Mdogo wangu akaanza kusema habari za minara, tukamnyamazisha. Kitindamimba akanipokonya simu, akakaa chini na kuishika kwa viganja vyote viwili, ameifunga, anaikodolea macho kama mtu anayengoja yai lipasuke. Kule chini kwenye lami magari ya watalii yalikuwa yanapita kuelekea geti la hifadhi, moja baada ya jingine. Nilitamani kusimamisha lolote lile linifikishe Endulen.

Ngoma na tarumbeta! Kitindamimba akaruka juu. Alikuwa dada, anahema.

"Sikia," nikamwambia bila salamu. "Ukiona homa, au baridi inakutetemesha, au pakiwa pekundu, usingoje mtu akuruhusu. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Sawa, mama," akasema.

Sikujua anatania au hatanii, na sikumuuliza.

Kisha nikakumbuka. Nikamwambia dada ampelekee mtoto simu, na mimi nikaiweka kwenye sikio la kitindamimba. Tukamtazama anavyosikiliza. Uso wake ukafunguka kidogo kidogo.

"Ameanza kulia!" akasema. Akasikiliza tena kwa makini, kama mtu mwenye utaalamu. "Analia kama mbuzi wangu."

Bibi alicheka mpaka mafuta yakachuruzika.

Jumanne jioni simu ililia nikiwa napiga matofali, na nikaifunua kwa mikono ya udongo. Maziwa yametoka. Lile jiwe limeyeyuka. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemkanda, kwa sababu dada aliona kama ameweza kumwambia kaka yake, atamwambia mtu yeyote. Nilikimbia kumwambia mama jirani, nikasahau tofali kwenye kalibu likakaukia humo.

Kiangazi kilipofika, dada alikuja na mtoto mgongoni, ndani ya khanga ile ya mnadani. Kitindamimba alikuwa amekaa barabarani tangu asubuhi, na hakuna aliyemfunua mtoto yule uso kabla yake. Nusu ya deni ikaishia pale.

Nusu ya pili ipo. Simu ninayo bado, rangi imetoka kwenye kona, na chaji yake kweli huwa naisahau. Mwezi uliopita nilinunua jike zuri, nikamkabidhi kitindamimba mbele ya bibi awe shahidi. Alilizunguka, akalipapasa tumbo, akalirudisha kwenye kamba yangu.

"Tulisema mwenye mimba, Kaka."

Kila asubuhi kabla ya shule anapita zizini na daftari zake kwapani, anainama, anapapasa, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Nimeazima beberu la jirani. Tunangoja.