Misumari Mdomoni

Baba yangu aliimba kila Jumamosi mchana mbele ya ukumbi uliojaa, na siku nyingine za wiki alifunga mdomo. Msidhani alikuwa mkali. Alikuwa fundi makochi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kikaze kwenye mbao, wa kulia umeshika nyundo, na misumari midogo ya kichwa bapa inakaa mdomoni, ulimi ukiisukuma nje mmoja mmoja. Ukiwa na neno na fundi wa namna hiyo, ngoja amalize upande mzima wa kochi.

Kwa kuwa hakuweza kuimba, alivumisha. Mmm-mm, puani, kutwa nzima. Nyimbo zote za bendi yao zilizaliwa hivyo mle karakanani, katikati ya sponji, gundi na springi zilizoshika kutu. Maneno yalikuja baadaye, Ijumaa jioni, akiwa ametema misumari na kunawa mikono. Mama alikaa dirishani na cherehani yake, akishona foronya za mito, amempa Baba mgongo. Mimi, kitinda mimba wao, niling'oa misumari ya zamani na kusema nisiyoulizwa.

Watu walimwambia Baba mshika mawili, moja humponyoka. Alikuwa na jibu lake: "Mikono ninayo miwili, mdomo ni wa tatu." Na kweli hakuponyokwa. Bendi ilimpata, sisi tulimpata, makochi yaliisha. Hayakuisha kwa wakati, lakini yaliisha.

Kitu kimoja tu kilichelewa kuliko kochi lolote. Kulikuwa na sauti moja aliyoivumisha tangu kabla sijazaliwa, nzuri kupita zote, na haikuwa na maneno. Ilikuwa ya Mama. "Nitaitia maneno kesho," alisema. Safari hii aliahidi mbele ya mashahidi: bendi ikitimiza miaka ishirini, wimbo wa mke wake ndio utakaofungua sherehe.

Wiki tano kabla ya siku hiyo nikaharibu mimi.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuulizia kochi lake kwa mara ya nne. Akasimama mlangoni, mkoba kwapani. "Fundi, kochi langu?"

Baba alikuwa na misumari mdomo tele. Nikamjibia, nikiifanya nzito sauti yangu iwe kama yake: "Njoo kesho, mwalimu. Limebaki kidogo tu."

"Ala! Kumbe hata mtoto umeshamfundisha uongo wa mafundi!"

Baba akacheka. Miaka yote ile hakuwahi kucheka na misumari mdomoni, na siku hiyo akacheka. Akashika koo, macho yakamtoka, akatema misumari sakafuni. Tukaihesabu. Mmoja haukuwepo.

Msumari wenyewe ulitoka siku ya tatu, kwa njia ambayo si lazima niieleze. Koo ndilo lililokuwa limechanika. Daktari alikataza kuimba miezi miwili, na kuzungumza kwa wiki tano; kuvumisha taratibu tu aliruhusu. Baba akarudi kazini na kopo la misumari pembeni na chaki mfukoni, akituandikia mahitaji yake kwenye vipande vya kitambaa. Nililia hadi Mama akaniambia nitalowesha sponji.

Wiki ya nne kiongozi wa bendi, mpiga gitaa, alikuja na uso wa msiba. "Kaka, ukumbi umeshalipiwa. Tutaazima mwimbaji kwingine, wewe mpe tu wimbo."

Baba aliinamisha kichwa. Kumpa mtu mwingine wimbo wa mke wake! Niliona mikono yake ikitafuta kitambaa cha kuvuta, hakuna. Hatimaye akavumisha taratibu, alivyoruhusiwa, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Maneno je?" akauliza kiongozi.

Baba akachukua chaki. Akaishika. Hakuandika kitu.

Hapo ndipo cherehani iliponyamaza. Mama hakugeuka. Akaimba akitazama dirishani, kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia:

*Uliniambia kesho, nami nikangoja;*
*kesho zako nimezishona, leo najifunika.*

Akaendelea beti nne, hakukosea popote.

"Shemeji," kiongozi akasema, "hayo umeyatoa wapi?"

"Miaka yote hii nakaa humu na mtu aliyefumba mdomo," Mama alisema, akiuma uzi. "Ulidhani nafanya nini? Nyimbo zote nimezitia maneno. Zenu na huu wangu."

Baba alikaa chini, juu ya kochi la mwalimu lililokuwa bado halina mto, akalia waziwazi kama mimi.

Mama alikataa kupanda jukwaani. Kisha akakubali kwa sharti: aimbe amekaa, amempa Baba mgongo kama alivyozoea, la sivyo aibu ingemmaliza. Basi ukumbi mzima uliwaona hivyo, viti viwili vimepeana migongo, Baba anavumisha, Mama anaimba. Alipofika kwenye "nami nikangoja", sauti ikatoka nyuma: "Na kochi langu je?" Watu walicheka hadi bendi ikarudia ubeti.

Kochi la mwalimu liliisha wiki iliyofuata. Miezi miwili ilipokwisha koo la Baba lilipona pia, na Jumamosi akarudi kuimba kwa nguvu zake zote. Bendi ilimnunulia nyundo yenye sumaku, inayoshika msumari yenyewe, na kopo liko mkono wake wa kulia. Mdomoni hakuna kitu. Hata hivyo ukipita karakanani utasikia yaleyale, mmm-mm, na Mama dirishani akiimba juu yake.

Siku moja sikuvumilia. "Baba, misumari iko kwenye kopo. Mbona hufungui mdomo ukaimba?"

Alimtazama Mama, akaniinamia sikioni.

"Nikifungua, atanyamaza."