Célestin Gani?

Usiku ule sikulala. Simu niliiweka kifuani, nimelala chali, na chaji yake ilikuwa karibu kwisha. Mtaa wetu wa Kabondo ulikuwa gizani tangu jioni, hakuna mahali pa kuchaji. Nikiiwasha niangalie saa, inamaliza chaji. Nisipoiwasha, nafikiri imezimika. Mwanangu Célestin alikuwa Kinshasa akingoja jibu la viza ya kazi. Alikuwa ameniambia atachukua bahasha mchana, kisha atanipigia. Mchana ukapita, jioni ikapita. Nikajiambia amefurahi sana hata amesahau kupiga. Baadaye nikajiambia ameibiwa simu. Mtu aliye macho gizani hujiambia mengi.

Alipiga alfajiri, adhana ikisikika upande wa sokoni.

"Mama, walikataa."

Nilisikia magari ya Kinshasa nyuma ya sauti yake.

"Wanasema kazi yangu haikuthibitishwa. Wanasema walipiga simu kwa mwajiri wangu, na mwajiri hanijui."

"Papa Djuma hakujui?"

"Ndivyo wameandika, mama."

Chaji ikaisha hapo, nikabaki nimeshika kile kipande cha plastiki kama mjinga.

Ili mnielewe, lazima niseme Célestin ni nani. Ni fundi wa friji. Alizaliwa Yanonge, kwetu mtoni, lakini akakulia hapa Kisangani, na tangu alipomaliza shule alifanya kazi katika karakana ya Papa Djuma karibu na soko kuu. Papa Djuma ni Mwislamu kutoka Kindu, mtu wa kofia nyeupe na chai nyingi, na ndiye aliyemfundisha mwanangu kazi yote. Wanawake wanaouza samaki wa barafu wanamjua Célestin kuliko wanavyomjua padri. Friji ikifa usiku, samaki wanaoza, mtaji unaoza pamoja nao, na anayeitwa ni yeye. Akifika hafungui mashine mara moja. Anakaa chini kando yake, anaweka kiganja ubavuni mwake, anafunga macho na kusikiliza. Watu humcheka kwamba anasalimu friji kabla ya kumsalimu mwenye friji. Lakini akifungua macho, ameshajua ugonjwa ni wa nini.

Kazi ya Ulaya aliipata kwa kusikiliza hivyo hivyo. Rafiki yake Hugues, aliyetangulia huko, alimwambia kampuni moja inayojenga vyumba vya baridi inatafuta mafundi. Wale wazungu wakampima kwa simu ya picha. Wakamsikilizisha kompresa, ule moyo wa friji, ikikoroma, naye akawaambia ni kipande gani kimelegea. Wakatuma mkataba. Kilichobaki kilikuwa viza ya kukaa muda mrefu, na hiyo haiombwi Kisangani. Ilibidi apande ndege kiwanja cha Bangboka aende Kinshasa na karatasi zake zote, pamoja na ile ya Papa Djuma yenye muhuri, inayosema kwamba huyu ni fundi wangu.

Sasa, kwetu safari ya Ulaya haisemwi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtoto amekua nayo. Mtu anatoka na sanduku kabla ya jua, na majirani wanaambiwa ameenda kwenye kilio. Tunaogopa macho ya watu, tunaogopa mdomo wa mwenye wivu, tunaogopa njia ifungwe mtu akiwa mlangoni mwa ndege. Shemeji yangu, ambaye sote tunamwita tonton Wenceslas, alituita sote akasema, "Mutu asifungue kinywa. Mutu yeyote akiuliza Célestin, hamujui kitu." Akaenda mwenyewe karakanani kumwambia Papa Djuma maneno hayo hayo. Mimi nilikubali upesi, maana mimi ni mwoga. Sanduku lilipotoka sokoni nililibeba kichwani, nimelifunika kitenge, kama mtu aliyebeba kwanga, ile mikate ya muhogo, kwenda kuuza. Na jirani yangu Mama Philomène, mwenye depo ya samaki wa barafu, alipouliza mbona Célestin haonekani, nilimwambia ameenda Yangambi kutengeneza friji za watafiti.

Asubuhi ile ya jibu nilikwenda karakanani hata chai sijanywa. Papa Djuma alikuwa anakunywa yake. Aliponiona akatabasamu.

"Karibu, Mama Célestin. Kuja nikuambie namna nilimulinda mutoto wetu."

"Ulimulinda na nani, papa?"

"Na batu ya Kinshasa. Kuko mwanamuke mumoja alipiga simu, sauti tamu, Kifaransa ya mwalimu. Anauliza Célestin anatumika kazi kwangu tangu lini, anajua kazi gani. Bon, mimi nikajua mara moja, huyu iko anatafuta kuharibu safari. Nikamuuliza, Célestin gani? Anasema, Célestin wa friji. Nikamuambia, mama, hapa hakuna Célestin. Hapa friji natengeneza mimi peke yangu."

Akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Akasema nini?"

"Akasema merci, akakata. Nilimufungia mulango kabisa."

Nilikaa juu ya friji iliyolazwa chini.

"Papa Djuma, yule alikuwa mutu ya viza."

Kicheko kilimwisha polepole, kama maji yanayozama mchangani. Akaweka kikombe chini.

"Lakini niliweka cachet kwa karatasi yake. Waliona cachet yangu?"

"Waliiona. Walitaka kusikia na sauti."

"Sasa juu ya nini hakujitambulisha?"

"Hakusema anapiga kutoka wapi?"

"Alisema," akajibu. "Lakini hata mwizi anaweza kusema vile."

Ningemkasirikia vipi? Alikuwa amefanya tulivyomwomba, na alikuwa amefanya vizuri. Akachukua simu akatafuta ile namba, akapiga, akapiga tena. Ilikuwa namba ya kupiga nje tu, haipokei mtu. Alisimama katikati ya karakana yake, simu sikioni, akimsikiliza mwanamke wa mashine akimwambia ajaribu baadaye, na kila mara alimjibu kwa heshima, "Ndiyo, mama." Nikaondoka nisione zaidi.

Hasira yangu haikupata pa kukaa. Niliwakasirikia wale wa viza, ambao wana muhuri mkononi lakini wanaamini simu. Nilimkasirikia Wenceslas. Nilikasirikia hata kile kitenge nilichofunikia sanduku.

Célestin alipiga tena jioni, nikiwa nimeichaji simu kwenye jenereta ya duka la madawa. Ile kampuni ilikubali kumngojea mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Kama viza haijatoka hapo, kazi atapewa mwingine. Anaweza kuomba upya, lakini sasa Papa Djuma peke yake hatoshi, kwa kuwa amekwisha kumkana. Anahitaji pia mteja, mtu mwenye biashara iliyoandikishwa, ambaye akipigiwa simu atasema ukweli.

"Nimeandika jina la Mama Philomène," akasema.

"Philomène? Hakuna mwingine?"

"Wengine wote wanauzia barabarani, mama. Yeye ndiye mwenye depo na karatasi. Mwambie tu. Mwambie aseme anavyojua."

Mwambie tu. Mama Philomène tunapakana ukuta. Maji ya mvua ya kwake yanapita kwangu, na tuliwahi kusemezana vibaya kwa ajili ya hayo maji. Mimi namwangalia, naye ananiangalia. Najua nani anaingia kwake na nani anatoka na mfuko. Kama kulikuwa na mtu mmoja niliyemficha safari hii, ni yeye.

Nilimwambia kwanza Wenceslas, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia. Aliruka kwenye kiti.

"Unaenda kutangaza? Kwa yule? Njia itafungwa."

"Tonton, njia imefungwa tayari. Tuliifunga sisi."

"Usiseme vile."

"Nani alimuambia Papa Djuma anyamaze? Ni Philomène?"

Alitazama nje. "Bon," akasema. "Lakini kama mambo inaharibika, mimi sikuwamo."

"Hukuwamo," nikamwambia. "Kama kawaida."

Kesho yake nikabisha kwenye mlango wa chuma wa bluu. Mama Philomène alifungua nusu, kitenge kifuani, magamba ya samaki mikononi.

"Mama Célestin. Célestin amerudi kutoka Yangambi?"

"Bado."

"Friji ya watafiti iko kubwa kweli."

"Célestin hayuko Yangambi. Iko Kinshasa. Anaomba viza ya kazi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama, ulipita mbele ya depo yangu na valizi juu ya kichwa. Kitenge ilifunika juu, lakini chini magurudumu ilikuwa inaonekana. Nani anabeba kwanga yenye magurudumu?"

Aibu ilinishika hata masikio yakawaka. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtoto, nikaendelea. Nikamweleza yote: simu, Papa Djuma, mwisho wa mwezi. Nikamwambia watampigia yeye, na nilichoomba ni aseme tu kwamba anamjua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akijifuta magamba kidole kimoja kimoja.

"Célestin anaingia kwangu bila kubisha," akasema. "Anakula pondu yangu. Siku watoto yangu walilala njaa sababu friji ilikufa na samaki yote ndani, ni yeye alikuja ndani ya mvua. Halafu anaenda Ulaya, mimi naambiwa Yangambi. Mimi ni mutu wa kuambiwa Yangambi?"

"Philomène, tulikuwa tunaogopa."

"Mulikuwa munaniogopa mimi." Hakupaza sauti. "Na sasa munataka kinywa yangu. Kinywa ile ile."

Akafunga mlango. Hakuupiga kwa nguvu. Aliusukuma taratibu, nikasikia komeo likiingia mahali pake.

Nilirudi siku nyingine, hakufungua. Jumapili, kanisani, tulipopeana mkono wa amani alimpa mkono kila mtu wa benchi letu, akafika kwangu akainama kufunga kiatu. Viatu vyake vilikuwa vya kutumbukiza mguu tu, havina kamba. Nilitaka kulia, nikataka pia kumpiga kwa kitabu cha nyimbo. Papa Djuma naye alikuwa hatembei bila simu mkononi, hata msikitini aliiweka mbele ya magoti, mpaka imamu akamsema. Walimpigia mara moja, akasema kila kitu alichojua juu ya Célestin tangu akiwa kijana, lakini yule wa Kinshasa akamuuliza, "Papa, mara ya kwanza ulisema hakuna Célestin. Niamini sauti gani?" Alipokuja kunieleza hakuweza kukaa. Alisimama mlangoni kwangu kama mdeni.

Kwa hiyo ilibaki Philomène tu, na Philomène alikuwa nyuma ya chuma.

Mwezi ulikuwa unakwisha. Nilipika, nikamwaga. Nilifagia ua uliokuwa safi. Simu ikilia ni watu wa mtandao wanaotangaza zawadi. Ilipolia siku ile nikaipokea kwa hasira.

"Nini?"

"Mama, ni mimi. Wameomba pasipoti."

"Ya kufanya nini?"

"Kubandika viza, mama. Wameniambia nilete pasipoti yangu."

Nilikaa chini pale pale uani. Nikamuuliza mara tatu, akajibu mara tatu, na bado sikuamini, kwa kuwa karatasi za watu wale zilikwisha kunifundisha.

"Ni Papa Djuma walimwamini?"

Akacheka, na kicheko chake nilikuwa nimekisahau. "Hapana. Yule mama wa dirisha la viza ameniambia, 'Mteja wako alinifokea.' Alimpigia Mama Philomène, akamuuliza kama ananijua, na Mama Philomène hakumjibu. Akaanza yeye kuuliza: 'Munamuchukua Célestin, sasa nani atatengeneza friji yangu? Muko na mutu wa kunitumia? Munajua samaki inaoza kwa muda gani?' Akamhesabia kila kompresa niliyobadilisha, mama, na kila bomba. Yule wa viza anasema hajawahi kusikia mtu akithibitishwa hivyo."

Nilivaa kitenge kizuri, nikaenda kwenye mlango wa bluu. Nikabisha. Ndani nilisikia ile friji kubwa ikifanya kazi, na kila baada ya muda kidogo kitu ndani yake kiligonga, ko, ko, kisha kikaacha. Nikabisha tena. Nikasema kwa sauti, mtaa wote usikie, "Philomène, wamemupa. Célestin anaenda Ulaya." Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo nje ya nyumba.

Mlango wa pili kutoka hapo, mtu alipiga makofi. Halafu komeo likatoka, na mlango wa chuma ukafunguka wote.

"Umekuja kusema aksanti," akasema Mama Philomène.

"Ndiyo."

"Aksanti haigandishi samaki. Simu yako iko na chaji?"

"Iko nayo."

"Donc ingia. Mupigie mutoto wako, weka simu hapa ubavuni ya mashine. Kabla aende, asikilize hii kelele ni ya nini."