Migomba Nje ya Ukuta wa Mji

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na hata leo nikikaa kitini robo saa naanza kutafuta sababu ya kuinuka. Utotoni kitu pekee kilichoniweka chini kilikuwa kitabu cha baba.

Ilikuwa atlasi ya zamani mno, pana kama sinia, yenye ramani na picha za miji ya Ulaya. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Masama, na aliachiwa kitabu hicho na mchungaji mzungu aliyerudi kwao mizigo ikimshinda. Aliihifadhi kwenye sanduku la bati, imefungwa kitenge, mbali na moshi wa jikoni. Kuitazama kulikuwa na masharti: mikono ioshwe, ikauke, na siku ya mvua kitabu hakifunguliwi. Alinieleza kwamba picha zilichapwa kwa wino mweusi, kisha watu wakazipaka rangi kwa brashi, moja moja. Mapaa mekundu, mito ya buluu, na ukuta kuzunguka kila mji. Nje ya ukuta palikuwa patupu.

"Baba, migomba yao iko wapi?" nilimuuliza siku moja.

Alicheka hadi akavua miwani. "Hawana, mama. Maskini, hawana hata mmoja."

Katikati ya miaka ya tisini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, majirani waking'oa mibuni ili wapande nyanya. Baba, ambaye tayari alikuwa mstaafu, aliita wazee wa ukoo akagawa kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa alilorithi kwa babu. Kwa desturi, kaka mkubwa akapata upande wa juu karibu na mfereji, na mdogo wetu wa mwisho akapata nyumba na shamba linaloizunguka. Mimi, binti wa katikati, nilikuwa nawapitishia mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Huyu ataolewa," mzee mmoja alisema, wala sikuwa nimemuuliza kitu.

Wiki iliyofuata baba aliniita, akaniwekea ile atlasi mikononi. "Hiki ni chako. Ukitulia, ukifungue."

"Wenzangu wamepewa ardhi," nilimjibu, "mimi napewa picha za ardhi ya watu wengine." Nilimwambia hivyo usoni. Nikateremka nacho Moshi nikiwa nimevimba kama andazi.

Nilikuwa nimepanga chumba Shirimatunda, pembeni mwa mji, nikishona kwa cherehani yangu. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, hakuna aliyeshonesha gauni jipya tena; kazi ikawa kupunguza suruali za watu nisiowajua. Jirani na pale kilikuwa kinauzwa kiwanja. Nilikitaka hadi nikakosa usingizi. Kila jioni nilipita kukitazama, utasema kingeweza kuhama. Kitabu kilikaa chini ya kitanda. Sikukifungua hata siku moja.

Ndipo nikasikia kuna mgeni amefikia hoteli moja mjini, ananunua vitu vya kale. Nikabeba atlasi, kitenge na vyote, nikaenda. Alikuwa mzungu mzee, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alinawa mikono bila kuambiwa, akaanza kufunua, na kila ukurasa alitabasamu. Mimi nilisimama nikihama mguu huu kwenda ule. Karibu na mwisho akakunja uso.

"Nani amechafua huu?"

Niliinama kutazama. Ulikuwa mji wenye mto na minara miwili. Lakini nje ya ukuta, pale patupu, mtu alikuwa amechora migomba, mibichi kabisa, rangi yake mpya. Mfereji ulitoka mtoni ukaingia shambani. Mpakani kulikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka. Katikati nyumba ya bati, na mlangoni mwanamke ameinamia cherehani.

Mkono ule niliujua. Ndio uliochora ubaoni miaka yote.

"Kitabu nachukua," mzee alisema, "ila ukurasa huu hauna thamani tena. Kaa nao."

Ningeweza kufunga kitenge changu nikaondoka. Sikuondoka; aliuchomoa ukurasa ule, akanipa pamoja na pesa. Kiwanja nilikipata siku ile ile, na furaha niliyoingojea haikuja.

Jumapili nikapanda Masama. Njiani nilichuma jani la isale. Kwetu mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Hata hilo nililichuma kwenye mpaka wa kaka.

"Shikamoo baba," nikampa jani kwa mikono miwili. "Kitabu nimekiuza."

Alilipokea. "Chote?"

"Umebaki ukurasa mmoja. Mnunuzi alisema umechafuliwa." Nikaukunjua mezani.

Aligusa migomba ile kwa kidole. "Nilitaka kukupa kipande kule juu," alisema. "Wazee wasingekubali, na mimi sikuwa na ubavu wa kubishana nao. Nikakupa pale nilipoweza."

Nililia. Nililia kwa aibu, na nilimkasirikia pia, kwa sababu ubavu huo alipaswa kuwa nao. Vyote viwili vilinijaa kwa pamoja na sikumficha hata kimoja.

Baada ya wiki mbili alishuka Shirimatunda na vipande vya masale vilivyofungwa kwa majani mabichi ya mgomba. Kwa pupa yangu nilikuwa nimeshapanda mgomba wa kwanza, karibu na njia. Baba aliomba ule ukurasa. Akaushika mbele yake, akatazama picha, akatazama kiwanja, akazunguka polepole hadi pembeni, akarudi.

"Huu umeupanda mlangoni kwako," alisema. "Nyumba inakaa hapa."

Mimi ninayebishana hata na mvua nikachukua jembe. Tukaung'oa, tukauhamishia pale alipouchora.