Fundi Aliyenusa Mafuta

Fundi wa gereji yetu ya Kikula hafungui gari kabla ya kulinusa. Huchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, hukisogeza puani na kufumba macho. Julai ile ya baridi, bendera ya Katanga iliyojitangazia uhuru ikiwa bado mpya, gari kuukuu la Kimarekani la kumpeleka bibi arusi Eugénie kanisani lilinguruma tu bila kwenda, na padri alikuwa akingoja. Wajomba wakakunja mikono ya mashati ili walisukume.

"Musisukume! Hii inabadilisha gia yenyewe, kusukuma haisaidie," fundi akawazuia, kijiti kikiwa puani.

"Fundi, unanusa sawa vile supu!" shangazi mmoja akamtania.

"Supu ikiungua, mama, pua inajua. Hii haikuungua. Iko na baridi tu, na mafuta imepunguka."

Akaongeza mafuta, akaiacha injini ipate moto taratibu, huku mashangazi wakilizunguka gari kwa ngoma. Giaboksi ikashika, vigelegele vikapaa! Akaendesha mwenyewe mpaka kanisani, akabaki nje na kukataa katakata kuzima injini, isije ikapoa tena. Padri akalazimika kupaza sauti, na Eugénie akaitikia "Ndiyo!" kwa kelele iliyomfikia fundi kule nje, naye akapiga honi.