Kubadili Gia kwa Sikio

Arcesio Londoño alikuwa na uchovu ambao usingizi hauuponyi. Tangu ujana wake alikuwa akiendesha jipu kati ya mji wa Salamina na vijiji vya milimani, akishusha magunia ya kahawa na kupandisha watu, kuku, na siku moja hata jeneza la mkewe, Amparo. Njia zile hazijui tambarare. Kila kona inataka gia yake, na kila gia inataka klachi, na mguu wa kushoto ndio uliolipa. Goti lilikuwa limevimba kama papai. Daktari alimwambia wazi: ama aiache klachi, ama goti limwache yeye.

Hakumwambia mtu. Jumapili alikwenda saluni kwa shemeji yake Nubia, mdogo wa marehemu, aliyetengeneza watu nywele juma zima na kuimba siku ya mapumziko. Huko walikutana watatu: yeye, Nubia, na Fabián, muuza dawa wa jirani aliyeshikwa na kichaa cha kupiga picha. Kila mmoja alivumilia wazimu wa wenzake ili naye avumiliwe wa kwake.

Nubia alikuwa amepata kisanduku cha kuchezea sauti. Ukiimba kwenye kipaza sauti, chenyewe kinakurudishia mwangwi, au kinaifanya sauti moja iwe kama ya kwaya. Alizungusha kitufe, akaimba, na saluni ikageuka kanisa kuu.

"Umezidisha," Fabián akasema. "Mwangwi ni kama chumvi, mama. Hata sisikii unamlilia nani."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kiasi? Kwenye picha zako za harusi ya Marleny, bibi harusi ana vichwa viwili!"

"Ile makusudi. Niliiacha kamera ivute mwanga kitambo ili mwendo uonekane."

"Mwendo gani? Alikuwa ameketi anakula!"

Arcesio alicheka huku akilikanda goti chini ya meza. "Nyote mna pupa. Gia haitaki pupa. Unaitoa, unaiacha ipumue, unaisikiliza injini, ndipo unaitia."

"Haya, padri ameanza mahubiri," Nubia akasema, akamwongezea kahawa.

Nubia alikuwa amealikwa kuimba kwenye sikukuu ya kijiji cha La Cuchilla, juu kabisa mlimani. Arcesio alipaswa kukataa. Lakini mtu aliyezoea kubeba wengine hajui neno la kukataa linaanzia wapi. Siku ya safari Nubia alikaa kando yake amekumbatia kisanduku, Fabián akakaa nyuma na kamera.

Walipofika chini ya mwinuko wa mwisho, Arcesio alikanyaga klachi na goti likalia kama ukuni mkavu. Maumivu yakampanda hadi kwenye meno. Mguu ukabaki umelala pale kama si wake. Gari lilikuwa katika gia ya tatu, mlima uko mbele na injini imeanza kutetemeka, ikidai gia ya pili.

"Shemeji, una nini? Umekuwa mweupe!"

"Mguu umekufa. Siwezi kukanyaga klachi."

"Basi simama!"

"Hapa nikisimama breki hazitashika, tunarudi nyumanyuma mpaka bondeni."

Iko njia ya kutia gia bila klachi, lakini lazima mlio wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu. Maumivu yalikuwa yakimvumia Arcesio masikioni, hakusikia kitu.

"Nubia, unajua jipu hili linavyolia likipanda na gia ya pili. Nisikilizie. Likifika hapo, sema."

Akaitoa gia. Gari likaanza kulegea. Akakanyaga mafuta, injini ikapanda.

"Bado," Nubia akasema, macho ameyafumba. "Bado... umepita! Shusha. Sasa!"

Akaisukuma. Gia ikakwaruza kidogo, kisha ikaingia. Huko nyuma Fabián alimtaja Mama wa Karmeli, msimamizi wa madereva, na watakatifu wote aliowajua.

Walifika. Wanaume wawili walimtoa Arcesio kwenye gari kama gunia. Nubia aliimba, lakini sauti ilikuwa imekauka kwa hofu, na kisanduku kiliurudia mkwaruzo wa koo lake mara tatu tatu. Watu walipiga makofi ya adabu, wakarudi kwenye nyama zao. Fabián hakuwa amepiga picha hata moja kule njiani. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika chuma cha kiti.

"Ulijua?" Nubia alimwuliza Arcesio alipomletea chakula. "Kuhusu hilo goti?"

"Nilijua."

"Ungetuua, mzee mjinga wewe." Machozi yakamtoka. "Ningemjibu nini dada huko aliko? Kuanzia kesho unanifundisha kuendesha."

Akamfundisha. Majuma mengi gia zilisaga meno, na Arcesio aliketi upande wa abiria akisema polepole, polepole, mpaka siku moja akaona hana la kusema. Hapo ndipo alipogundua kwamba upande ule kulikuwa na maporomoko ya maji, membamba, meupe, ambayo miaka yote hakuwahi kuyatazama kwa sababu ya kona. Alitaka kumwonyesha Nubia, ila kope zilikuwa nzito. Akaegemeza kichwa kwenye mlango, na gari likampandisha amelala.